Karibu ya Jumamosi

Shati la mumewe lilinukia waridi. Mama Tiketi alilinusa mara ya pili, akalinusa tena, kisha akalitupa kwenye beseni. Kwa miaka kumi na tisa mume huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alirudi nyumbani akinuka mafuta ya mashine. Waridi limetoka wapi?

Wawili hao waliendesha ukumbi mdogo wa sinema, mke akikata tiketi mlangoni, mume akiendesha projekta kwenye chumba cha juu. Kumbi kubwa zilionyesha filamu mpya. Wao walikuwa na wehu wao wa Jumamosi, watu waliojaa kila wiki saa kumi jioni kutazama filamu ileile kuukuu, ambayo kila neno lake walilijua kwa moyo. Katikati yake mwanamke aliyejitanda mtandio anabisha mlango mara tatu. Hafunguliwi, na filamu inaendelea na mambo yake. Siku moja, zamani, Fundi alipaza sauti kutoka juu, "Karibu ndani!" Watu wakacheka mpaka machozi. Tangu hapo ikawa desturi, mwanamke akibisha, ukumbi mzima unamwitikia kwa pamoja.

"Wifi, kaka yako ana mtu," Mama Tiketi alimwambia dada wa mumewe, aliyeuza bisi pale mlangoni.

"Yule? Atampatia wapi, na haondoki kwenye projekta yake?" Wifi alicheka, kisha akaacha. "Ila juzi nilimpelekea chai, nikamsikia anazungumza na mtu. Akaniomba kikombe cha pili."

Moyo ulimuuma Mama Tiketi, tena sana. Jumamosi iliyofuata alimwachia wifi yake tiketi, akaenda kukaa kwenye ngazi ya chumba cha juu, ngazi nyembamba ambayo mtu hapandi bila kumgusa magoti. Hakupanda mtu. Lakini watu walipomaliza kuitikia "Karibu ndani!", harufu ya waridi ilimshukia kutoka juu, na nyuma ya mlango mumewe akasema polepole, "Leo umechelewa."

Alisukuma mlango. Fundi alikuwa peke yake, na vikombe viwili vitupu.

"Unazungumza na nani?"

"Na mashine," alisema, bila kumtazama.

Mama Tiketi aligusa kiti cha pili. Kilikuwa na joto.

Wifi ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mfupi, mwenye haraka zake, aliyefika kwenye kizingiti cha chumba kile akakataa kuingia.

"Mmemkaribisha tangu lini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nani?"

"Huyo anayebisha. Jini haingii asikoitwa, mama. Nyinyi mmemwita kila wiki, ukumbi mzima. Jumamosi akibisha, asiitikiwe. Ataondoka zake. Lakini akiitikiwa hata na mmoja, basi huyo ni wake."

Mama Tiketi alimweleza mumewe kila kitu. "Sawa, mke wangu," alisema Fundi. Asubuhi ya Jumamosi kifungo cha mkono wa shati lake kilikatika, na mkewe akamshonea kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomtia hasira.

Aliwaomba watazamaji wanyamaze, wakakubali wakidhani ni mchezo mpya, na mwanamke wa mtandio alipotokea kwenye skrini ukumbi ulitulia kiasi kwamba Mama Tiketi alisikia projekta ikizunguka juu na wifi yake akipumua kando yake, na mlango ukabishwa mara ya kwanza, na ya pili, na harufu ya waridi ikaanza kutambaa kati ya viti, na ya tatu, na hakuna aliyefungua kinywa, na yeye akaanza kushukuru moyoni, ndipo sauti ikatoka chumba cha juu, laini, sauti aliyoisikia mara ya mwisho walipokuwa wachumba.

"Karibu ndani."

Mlango wa kwenye filamu, ambao haujawahi kufunguliwa, ulifunguliwa. Mkono ulitokea, ukamshika mwanamke, ukamvuta ndani taratibu. Kifungo cha shati kwenye mkono huo kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Chumba cha juu walikikuta kimefungwa kwa ndani. Walipovunja mlango, projekta ilikuwa ikizunguka, na vikombe viwili vya chai vikifuka mvuke. Fundi hakuwepo.

Filamu bado inaonyeshwa. Watu wakishaondoka, Mama Tiketi huirudisha, akasimama mbele ya skrini, na mlango ule unapotokea hubisha yeye mwenyewe, mara tatu, kwa kidole. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Jumamosi iliyopita alisikia mwanamke akicheka upande wa pili, na mumewe akimnong'oneza mwanamke huyo.

"Usimwitikie. Ataondoka zake."