Kifurushi cha Mpangaji wa Juu

Saluni ya Mama Pacha haikosi watu. Anayesukwa yupo, na asiyesukwa yupo, kaja kusikiliza tu.

Siku hiyo mleta vifurushi alipita. Mpangaji wa ghorofa ya juu hakuwepo. Mama Pacha akampokelea boksi lake dogo, kama kawaida.

"Mwanamume anaishi peke yake, kila mwezi boksi," wifi yake alisema. "Lina nini?"

"Kamuulize."

"Tuchungulie tu, wifi. Kuchungulia si kuiba."

Watu wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, akachukua kitana cha mkia, akachana utepe. Ndani mlikuwa na vichupa vya dawa ya macho. Kicheko kikakatika.

Aliyekuwa anasukwa ni karani wa mahakama. Nywele nusu zimelala, nusu zimesimama. Akageuka.

"Shoga, umefanya nini?"

"Sijachukua kitu."

"Hata usipochukua. Kufungua kwa makusudi barua au kifurushi cha mtu bila ruhusa yake ni kosa la jinai. Ukichukua, na wizi juu. Hakimu anaweza kukutoza faini, anaweza kukufunga."

Mama Pacha akawaza wanawe wawili, bado wa chekechea. Akifungwa, nani atawalea?

Viatu vikasikika nje. Mpangaji huyo anarudi. Wifi akanyakua gundi ya kope. "Lete nibandike. Hatajua."

"Bandika," karani alisema, "mkaongeze kosa la kuficha."

Mama Pacha akatoka na boksi.

"Baba, nimefungua mzigo wako. Sina la kujitetea, ni umbea tu. Nisamehe."

Mpangaji alikagua kichupa kimoja kimoja. Vizibo vilikuwa vizima. Akavirudisha ndani ya boksi.

"Dawa hii ikiingia uchafu, jicho langu limekwenda," alisema. "Nilikuwa na haki ya kwenda polisi. Umejisema mwenyewe, siendi. Ila mizigo yangu usiipokee tena."

Ilimuuma kuliko faini.

Tangu hapo, boksi la mtu likifika, Mama Pacha huliweka juu ya kabati na kumpigia mwenyewe simu. La mtu asiyemjua, humrudishia mleta vifurushi. Wateja wakiuliza lina nini, hujibu, "Lina utepe."

Miezi ikapita. Asubuhi moja mpangaji wa juu akasimama mlangoni.

"Mama Pacha, leo nitachelewa kurudi kutoka kazini. Dawa yangu ikija, nipokelee."