Kicheko cha Mwalimu Mwaura

Peres Ochola hakuwa na haja ya kupitia bustani ya Jivanjee, katikati ya jiji, mchana ule, ila kiatu chake kipya kilikuwa kinambana na njia ya bustanini ndiyo fupi. Alikuwa amevaa gauni la kitenge rangi ya haradali, nalo lilimkaa vizuri mno kwa mtu anayerudi tu chuoni kufundisha saikolojia.

Alikuta baraza la siasa limechacha. Wanaume walisimama duara, mishipa ya shingo imewatoka. Hawa wanamsifu Mheshimiwa wao, wale wanamtukana huyohuyo, na njugu karanga zinaruka kutoka midomoni. Mmoja alikuwa ameshavua koti, tayari kwa ngumi. Katikati yao alisimama mwanamume mrefu mwenye miwani na koti la kaki lililopauka viwikoni.

“Ngojeni, wazee wangu,” alisema, wala hakupaza sauti. “Leo tufanye hivi. Kabla hujataja kosa la mtu wa mwenzako, taja kosa moja la mtu wako. Moja tu.”

Mzee aliyevaa kofia ya chama alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

“Huyo wangu pia ni binadamu,” alisema hatimaye. “Ile barabara yetu alisema ataweka lami. Hadi leo ni matope.”

Watu wakaangua kicheko. Yule aliyevua koti akalivaa, na yeye pia akataja la mtu wake. Peres alisahau kiatu. Miaka yote amekuwa akiwaeleza wanafunzi kwa nini watu huwaabudu viongozi, na hajawahi kuona mtu akilitoa somo hilo darasani akalisimamisha juani, likasimama.

“Na wewe, madam?” yule bwana alimgeukia. “Mtu wako ni nani?”

“Mimi sina mtu. Nafundisha saikolojia.”

“Ai! Mimi pia. Basi wewe ndio mbaya kuliko hawa wote. Sisi huwa tunajifanya hatuna mtu.”

Peres alicheka mpaka akashika kifua. Bwana huyo aliitwa Mwaura, mwalimu katika chuo kimoja huko Westlands, na kabla chai waliyokunywa siku hiyo haijapoa walikuwa wameshapeana nambari za simu.

Basi mapenzi yakashika kasi. Simu zilikuwa za jioni, Peres akiwa jikoni kwake Kangemi, Mwaura akiwa kwake Kinoo.

“Sasa, mrembo wa Jivanjee?”

“Poa. Umekula?”

“Nimekula ugali baridi na maharagwe. Nihurumie.”

“Sikuhurumii. Nieleze tena vile uliwafanya wanafunzi wako wa vyama tofauti wakae meza moja.”

“Peres, aki hiyo nimekueleza jana.”

“Eleza tu, bebi. Nasikia raha.”

Hakika alisikia raha. Alimpenda mpaka akawa anamtaja darasani mwake kama mfano. Mwaura hakemei mtu. Mwaura hapindishi neno ili apendeze kundi. Maurine, mwalimu mwenzake wa ofisi moja na mwenye ulimi mkali, alichoka.

“Hebu taja kosa moja la huyo Mwaura.”

Peres aliwaza. “Huchelewa?”

“Huchelewa kweli?”

“Hapana. Hachelewi.”

“Haya,” Maurine alisema, akarudi kusahihisha mitihani.

Jumapili moja Mwaura alimpeleka Waithaka kumwonyesha kwao. Peres alivaa sketi ndefu ya buluu na blauzi nyeupe, akasuka nywele upya. Mama Mwaura, Wanjugu, alimpokea kwa kumbatio la nguvu, akamwekea mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, pamoja na nyama hadi sahani ikalalamika. Lakini mwenye kauli nyumbani pale alikuwa Gichuru, ndugu wa marehemu baba yake Mwaura, mwenye bucha Dagoretti. Yeye ndiye angeongoza wazee kwenda kubisha hodi kwa kina Peres kuleta posa. Asipokwenda yeye, hakuna anayekwenda.

“Karibu, msichana,” Gichuru alisema akichokoa meno. “Baba yako bado anamfuata yule mzee wenu wa chama?”

“Anampenda sana, anko. Picha yake iko sebuleni.”

“Ndio ninyi! Akiwaambia rukeni mtaruka. Baba yako hata mtu akimuuliza kama ana njaa, atangoja mzee amwambie kama amekula!”

Meza nzima ikacheka. Hilo Peres angelimeza. Mzee Isaiah, baba yake, aliwahi kutaniwa na wengi. Ila aligeuka kumtazama Mwaura, kwa kuwa alijua sasa itatoka ile sauti ya chini na ile hekima ya Jivanjee. Mwaura alikuwa anacheka. Kicheko kifupi, macho yameinamia sahani, lakini kicheko.

Peres alimaliza chakula kwa adabu, akamshukuru mama, akaaga. Usiku alipopigiwa simu aliipokea akiwa ameshajiandaa.

“Peres, samahani. Ilinitoka tu.”

“Haikukutoka. Hiyo inaitwa shinikizo la kundi. Mtu anajikana ili wenzake wamkubali. Na kwako imezidi kwa sababu anko wako amechukua nafasi ya baba.”

“Umenifundisha mimi,” Mwaura alisema polepole. “Mimi nimekuomba msamaha, wewe umenipatia muhadhara. Hukuniuliza hata kama niliogopa.”

“Uliogopa?”

“Sana. Namwogopa anko tangu nikiwa mdogo. Mimi si yule mtu unahubiri kwa wanafunzi wako, Peres. Simjui huyo. Na nimechoka kumlisha.”

Simu ikakatika. Hakupiga kesho yake, wala kesho kutwa, na Peres naye akakaza. Alikonda. Alifundisha somo la mashabiki na viongozi wao kwa hasira mpaka wanafunzi wakaulizana kulikoni.

“Si wewe unawaambia kwamba shabiki hasamehe?” Maurine alimuuliza wakinywa chai. “Eti kwa sababu hakumpenda mtu, alipenda picha?”

“Maurine, tafadhali.”

“Mimi nauliza tu. Unamtaka huyo jamaa ama unataka picha?”

Peres aliweka kikombe chini. Alimtaka. Alimtaka na miwani yake, na ugali wake baridi, na uoga wake pia. Alipiga simu ya Mwaura ikalia bila kupokelewa, akampigia Mama Mwaura.

“Ameenda bucha kwa Gichuru,” Wanjugu alisema. “Na hakukula. Nenda, mama. Kimbia.”

Soko la Dagoretti lilikuwa limejaa, harufu ya nyama choma imetanda kila mahali. Peres alisikia sauti kabla hajaona mtu. Haikuwa ile sauti ya Jivanjee. Ilikuwa nyembamba na inakwama.

“Sikukuja kwa sababu ya kura, anko.”

“Basi unataka nini? Kuna wateja hapa.”

Mwaura alisimama mbele ya kaunta, jasho linamtiririka, koti la kaki limelowa mgongoni. Wateja walimkodolea macho, mifuko mikononi.

“Ulimtukana baba yake mezani kwa mama. Na mimi, mimi nikacheka. Nimekosa. Na wewe pia umekosa. Mpende mtu wako, umpigie kura mpaka ufe. Lakini baba ya mke wangu usimfanye mjinga. Hata kama, hata kama hutaongoza wazee, mimi nitaenda peke yangu.”

Miwani ilikuwa imeshuka mpaka ncha ya pua. Hakuna aliyemshangilia. Gichuru aliweka shoka juu ya gogo, akamtazama mtoto wa ndugu yake, kisha jicho likavuka bega lake.

“Ako hapa nyuma yako,” alisema.

Mwaura aligeuka, akamwona Peres.

“Msichana,” Gichuru alisema, sauti imeshuka, “maneno yangu yalikuwa mabaya. Mwambie baba yako nitakuja. Lakini huyo mzee wenu sitamsifu!”

“Hakuna mtu amekuomba umsifu, anko. Kuja ukule samaki, mbishane mkiwa mmeshiba.”

Wateja wakacheka, na Gichuru akacheka kuliko wote. Peres alimsogelea Mwaura, akampandishia miwani.

“Nimesikia mke wangu, mke wangu. Ni nani huyo?”

“Nilitaka kukuuliza vizuri. Si hapa. Sijapanga kitu.”

“Uliza tu hapa.”

“Natetemeka, Peres.”

“Naona.”

Akamuuliza, kwa sauti ileile inayokwama, kati ya mbavu za ng'ombe na watu wasiowajua. Peres aliishika mikono yake miwili, na moyo wake ukampenda kuliko siku zote. Akamwambia ndiyo.