Konsolata Ndani ya Ngano

Asubuhi za likizo ile ya mwezi wa saba, Hermani alianza siku kwa kukoka moto na kupika uji. Mama akikamua ng'ombe, yeye alikoroga sufuria, kisha akaupooza uji kwa kuumimina kutoka bakuli hadi bakuli ili mdogo wake, Konsolata, aunywe bila kuungua. Hermani alikuwa na miaka kumi na miwili, na uji wake haukuwa na mabonge. Mama yake alimsifu kwa hilo mbele za majirani, jambo ambalo Hermani hakulipenda hata kidogo.

Konsolata alikuwa na miezi tisa. Alikuwa na meno mawili ya chini, na alijua kutambaa mbio kuelekea chochote kilichokatazwa. Nyumba yao ilikuwa Gitting, pale mashamba ya wanakijiji yalipoishia na shamba kubwa la ngano la serikali lilipoanza. Baba alikuwa amekwenda kijiji cha Daudi kumuuguza bibi. Dada mkubwa hawakuwa naye. Kwa hiyo mama, Genoveva, alivuna mahindi peke yake, na Hermani alibaki na mtoto.

"Mama, si uende naye tu?" Hermani aliuliza asubuhi moja.

"Nikiwa na gunia mgongoni, yeye nimweke wapi?" mama alijibu huku akimfunga Konsolata kwa kanga mgongoni mwa kaka yake. "Akilala umlaze kitandani, ukae naye. Usimwache peke yake. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kubeba mtoto hakukumchosha Hermani. Kilichomchosha ni vijana wenzake. Patriki, rafiki yake wa darasa la tano, alikuwa amempa jina la Mama Konso. Jana yake tu alikuwa amemuuliza mbele ya wote, kwa sauti ya upole kabisa, kama siku hizi ananyonyesha pia. Wale wengine walicheka hadi wakakaa chini. Hermani naye alijilazimisha kucheka, lakini usiku alikosa usingizi kwa hasira.

Siku hiyo kombaini ilifika kuvuna ngano iliyokuwa karibu na kwao. Nani angekaa ndani mtambo kama ule ukinguruma nje? Hermani alitoka na mtoto mgongoni, akasimama kando ya ngano, akaangalia mashine ikikata upande wa mbali na kutimua vumbi. Konsolata alishalala. Ndipo Hermani aliposikia sauti ya Patriki na wenzake wakija njiani na mpira wao wa matambara.

Alitazama huku na huku. Nyumbani asingefika kabla hawajamwona na mtoto mgongoni. Aliingia ndani ya ngano akipenyapenya taratibu asiivunje, mlinzi wa shamba asije akamkemea. Alitandika kanga, akamlaza Konsolata, akamfunika kwa sweta lake.

"Ninarudi sasa hivi," alimnong'oneza.

Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Hermani alitaka kupiga mpira mara moja tu, lakini alifunga bao, na aliyefunga bao haondoki. Akafunga la pili. Hakuna aliyemwita Mama Konso. Alifurahi kuliko siku zote za likizo, na katika furaha hiyo akamsahau mdogo wake.

Alikumbushwa na ngurumo. Kombaini ilikuwa imemaliza upande wa mbali na sasa ilikuwa inakuja upande wao, ikikata ngano mstari baada ya mstari.

Hermani aliacha mpira, akakimbia. Alifika ukingoni akasimama, asijue aingilie wapi. Kila mahali palikuwa ngano tu, yenye urefu mmoja na rangi moja, nayo ilikuwa imesimama yote kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita. Aliingia huku, hakuona kitu. Aliingia kule, hakuona kitu.

"Umepoteza nini?" Patriki alimuuliza kwa mbali.

Hermani angeweza kusema amepoteza kisu, wala asingechekwa. Alitazama mashine, akatazama ngano, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Konsolata! Nimemlaza humu Konsolata!"

Hakuna aliyecheka. Hermani alivua shati, akakimbia mbele ya kombaini akilipunga. Patriki alikuwa nyuma yake, naye akipunga mikono. Mashine ilisimama. Dereva, mzee mmoja aliyeitwa Nicodemo, alichungulia amekunja uso.

"Nyinyi watoto mmelogwa? Hapa ni mahali pa kuchezea?"

"Shikamoo, baba. Kuna mtoto ndani ya ngano. Ni mdogo wangu. Ni mimi niliyemweka."

Uso wa Mzee Nicodemo ulibadilika. Alizima injini, akashuka. "Kila mtu asimame alipo," alisema. "Mtoto akiwa amelala, mtamkanyaga. Mwite. Sauti yako anaijua."

Hermani aliita jina lake, akaita tena. Hapakuwa na jibu. Nyumbani, wakiwa wawili tu, alikuwa na njia yake ya kumchekesha Konsolata: alilia kama ndama aliyemkosa mama yake. Hakuwahi kufanya hivyo mbele ya mtu. Sasa aliwaona wenzake wote wakimtazama, akafumba macho, akalia.

"Mmoooo!"

Akavuta pumzi, akalia tena.

"Mmooooo!"

Kutoka ndani ya ngano kikasikika kicheko chembamba. Kilikuwa mbali kabisa na pale alipokuwa akitafuta, tena upande ule ambao kombaini ilikuwa inaelekea. Hermani alikwenda akilia kama ndama, akijibiwa kwa kicheko, mpaka akamkuta Konsolata ameketi, kanga imebaki nyuma yake, suke la ngano mkononi. Alimkumbatia akalia machozi, safari hii machozi yake mwenyewe.

Mzee Nicodemo alimkagua mtoto, akapangusa vumbi kwenye shavu lake kwa kidole kinene chenye mafuta ya mashine, akaliacha chafu zaidi. "Mimi ninao watano," alisema. "Leo usiku nitawahesabu. Mpeleke nyumbani."

Njiani Patriki alisema polepole, "Sisi hatutamwambia mtu. Mama yako hatajua."

Jioni mama alirudi, akatua gunia la mahindi. Alimkuta Konsolata ameoga, ameshiba, anacheza. "Asante, mwanangu," alisema. "Wewe ukiwepo, mimi navuna bila wasiwasi."

Maneno hayo yalimchoma Hermani. Angeweza kunyamaza, na kesho mama angemwamini vilevile. Lakini alisimama mbele yake, akaeleza yote: dhihaka za Patriki, mpira, ngano, kombaini.

Mama alikaa juu ya gunia. Alimchukua Konsolata, akamshika kichwa, mikono, miguu, kidole kwa kidole. Machozi yalimtoka. Hermani alingoja fimbo, na kwa kweli aliona anaistahili.

"Ulipozaliwa nilikuwa mgonjwa, na wewe pia," mama alisema hatimaye. "Baba yako alikubeba mgongoni kutoka Daudi hadi hospitali ya misheni, kwenye matope. Wanaume walimcheka njia nzima. Angekuweka kando ya barabara ili wasimcheke, leo ningekuwa na nani?"

Hermani aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Najua hutaniachia mtoto tena."

"Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na kazi hiyo hairuhusu kuona aibu, wala kuficha. Mtoto akianguka, akiungua, akipotea, nataka nijue, hata kama aliyekosea ni wewe. Ungenificha, nisingekuachia hata kuku. Umekosa, na umesema kweli wakati hakuna aliyekulazimisha." Mama alijifuta macho, akasimama. "Kesho mahindi bado yapo. Nitamwacha na nani, kama si wewe? Haya, mpokee. Nami nipumzishe mgongo."

Hermani alinyoosha mikono, akampokea mdogo wake.