Nyaya Tatu za Antena Moja

Mzee mwenye nyumba, fundi umeme mstaafu, alikutwa amekufa chini ya ukuta wake Jumamosi, saa kumi na dakika arobaini alasiri, ngazi imemwangukia miguuni. Waya uliofunga ngazi hiyo kwenye bomba la maji ulikuwa umekatwa kwa koleo. Mtu makini kama yule asingepanda ngazi isiyofungwa. Aliyeukata, basi, aliukata mzee akiwa juu.

Aliyemkuta ni mpangaji wake, fundi viatu, na koleo lilikuwa wazi mezani pake. Asubuhi ile walikuwa wamegombana. Antena ya mzee iligawa picha kwa televisheni tatu, yake, ya bintiye na ya mpangaji, na fundi viatu alidai ya kwake inaganda kila mara. Askari walikuwa wamekwisha kumtia pingu.

"Afande, nilikwenda kulalamika tu," alimwambia mpelelezi aliyefika kuchunguza kifo hicho. "Picha yangu ilizimika kabisa saa kumi na dakika ishirini. Nikasubiri, nikachoka, nikatoka."

Askari waliguna. Visingizio vya namna hiyo wamevizoea.

Mkwe wa mzee alizungumza bila kubabaika. Yeye na mkewe walikuwa chumbani wakitazama mechi tangu saa kumi kamili mpaka waliposikia kelele, na picha haikukatika hata kidogo. Mkewe aliitikia kwa kichwa, mtandio ameuvuta mpaka shavuni. Mpelelezi hakuupenda mtandio ule.

Alirudi sebuleni kwa mzee. Ukutani palikuwa na kisanduku kidogo: waya mmoja kutoka kwenye antena uliingia, nyaya tatu zikatoka kwenda vyumbani. Soketi ya kando yake ilikuwa tupu. Akaomba aletewe vitu vilivyotolewa mifukoni mwa marehemu. Vilikuwa bisibisi, miwani, na adapta ya kupeleka umeme kwenye busta, kifaa cha kukuza mawimbi ya antena.

Fundi viatu ndiye aliyemweleza. Mzee hakupanda juu hata siku moja bila kuchomoa adapta na kuitia mfukoni, asije mtu akaichomeka yeye ameshika nyaya. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Mpelelezi aliichomeka, televisheni zote tatu zikaonyesha. Akaichomoa, zote zikawa giza.

Akawaita wote sebuleni.

"Bwana, picha haikukatika?"

"Haikukatika," mkwe alijibu.

"Adapta ilikuwa mfukoni mwa marehemu. Tangu alipopanda, hakuna televisheni iliyoonyesha kitu humu ndani. Mwenye pingu ndiye pekee aliyesema kweli."

Mkwe alisema labda alisinzia. Hapo mkewe akauachia mtandio. Shavu lote lilikuwa limevimba.

"Nilikuwa peke yangu," alisema. "Yeye alitoka baba alipobeba ngazi. Akarudi akiwa na koleo, akaniambia nitakachosema."

Alieleza kwamba Ijumaa baba yake aliliona shavu lile, akamwambia mkwe ahame ifikapo Jumapili na amwache binti yake. Mumewe aliapa kuwa hatoki, na kwamba atakayetoka ni mwingine.

Pingu zilihamia mikononi mwa mkwe, naye alitolewa nje. Fundi viatu alibaki amesimama akijisugua vifundo vya mikono.

Mpelelezi akamuuliza yule binti, kwa upole, kwa nini hakutoka nje mapema.

"Picha ilipokatika nilijua baba yuko juu," alisema. "Nikasema akishuka itarudi. Nikakaa naitazama ile skrini."