Bwana Harusi Ametuma Wakili

— Baba, kamwambie sheikh nimekataa.

Mzee Huseni alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yake, kofia mkononi. Uani watu wa mtaa wa Buyenzi wamejaa jamvini, sheikh ameshasafisha koo, na bwana harusi hayupo. Amekuja rafiki yake Yahaya, fundi wa magari, na kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari:

"Houda wangu, Directeur wa shule amekataa kunipa ruhusa. Darasa la mchana halina mwalimu mwingine. Yahaya atakuwa wakili wangu kwenye ndoa. Nitakuja saa kumi na moja. Wako, Shakuru."

— Dini inaruhusu wakili, mwanangu.

— Dini inaruhusu, mi ndiyo siruhusu. Yahaya, na kule chumbani pia umetumwa we?

Yahaya akajificha nyuma ya Mzee Huseni. Shangazi mmoja alicheka ndani ya mtandio mpaka akakohoa.

Ilikuwa mara ya tatu bwana harusi kukosekana. Jumapili ya kwanza Shakuru aliitwa kusahihisha mitihani, ya pili akaitwa mkutanoni. Tangu vita vimkimbize mwalimu wa mchana, Shakuru alifundisha watoto mia asubuhi, na mia wengine mchana. Aliambiwa ni kwa mwezi mmoja. Huu ulikuwa wa tisa. Na safari hii Jumapili haikungojwa: kesho Mzee Huseni anavuka mpaka kwenda Uvira. Barabara ikifungwa nyuma yake, nani atamwoza Houda?

Houda akavaa viatu akatoka, hina mpaka kwenye viwiko. Alipopita magereji, mafundi waliacha spana hewani.

Alimkuta Shakuru ubaoni, sauti imemkauka, chaki mpaka kwenye nyusi.

— Houda? Leo si...

— Uliomba ruhusa mara ngapi?

— Mara nne. Anasema nikitoka ataandika nimeacha kazi.

— Ungewarudisha watoto kwao.

— Mwezi uliopita tuliwatoa mapema, risasi zikawakuta njiani. Apana, Houda. Nikasirikie, lakini siwaachi peke yao.

Hasira ya Houda haikuisha. Ilihama tu, ikaenda ofisini kwa Directeur.

Mzee Huseni akafika mlangoni akihema, na nyuma yake shangazi wote, sinia za maandazi kichwani.

— Baba, sasa nimekubali. Mpeleke. Pale jamvini anatakiwa mwanaume, mi sitakiwi. We Shakuru, leta hiyo chaki.

— Utafundisha nini?

— Mlikuwa mmefika wapi?

— Saba mara tano.

— Kimbia.

Alikimbia kweli, mwalimu mzima, kama mtu aliyeiba kuku.

Dakika kumi hazijafika, Directeur Révérien akaingia.

— Shakuru yuko wapi? We ni nani?

— Mi ni bibi harusi. Na we, Directeur, una darasa gani?

— Mimi ni directeur. Sina darasa.

— Asubuhi?

— Nina ofisi.

— Na mchana?

Directeur akarekebisha tai.

— Kumbe mikono miwili ilikuwapo, imekaa juu ya meza. Mume wangu anapasuka koo mara mbili kwa siku, we unamtishia kwamba ameacha kazi. Kazi hii hapa. Nani ameiacha?

Watoto mia wakamgeukia Directeur. Madirishani shangazi wamejipanga, hakuna anayepepesa jicho. Houda akanyoosha chaki. Directeur akaipokea.

— Saba mara sita, alisema polepole.

Saa kumi vigelegele vilisikika tangu barabarani. Shakuru aliingia kofia upande, akamkuta Directeur ameloa jasho, tai mfukoni, sauti imebaki robo. Houda ameketi dawati la mbele kati ya wasichana wawili, anakula andazi.

— Nimeshakuoa, Houda.

— Nimesikia.

— Shakuru, alisema Directeur, hawa watoto ni wengi.

— Ndiyo, Directeur. Na wa asubuhi ni wengine.

Houda akapangusa vidole, akamshika mumewe mkono kabla saa ya askari kufunga njia haijafika.

— Asubuhi utampata, Directeur, ni kazi yake. Mchana ubao ni wako. Ukishindwa kuja, tuma wakili.