Jina Alilolisoma Namnyaki

Harufu ilianza Namnyaki akiwa bado na simu sikioni: harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, ndani ya nyumba ya Kijenge ambayo maziwa yake yote ni ya pakiti.

Alikuwa akimsomea mama yake, aliyeko Kisongo, nakala ya kitabu cha ubatizo aliyoipata usharikani. Alikuwa amehangaika na hati za shamba la babu na vyeti vya kuzaliwa, akitaka kila mtu wa ukoo awe na mahali pake. Sasa alikuwa amempata binti mkubwa wa babu, aliyefariki akiwa na miaka minne, ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumzungumzia. Akalisoma jina lake kwa sauti, mara mbili, kwa furaha. Jina lenyewe siliandiki hapa. Kwa Waarusha jina la marehemu huzikwa naye, na Namnyaki, na usomi wake wote, alijifanya hajui.

Mama akanong'ona, "Umeliita ndani ya nyumba? Violet yuko wapi?"

"Amelala chumbani, mama. Haya mambo ya kizamani bwana..."

"Yeyo!" sauti ya kitoto ikaitika kutoka chumbani.

Yeyo ni mama kwa Kimaa, lugha ya Waarusha. Violet, mtoto wa Namnyaki wa miaka minne, hajui Kimaa hata kidogo, na yeye humwita Namnyaki mami.

Namnyaki akaelekea chumbani, na kadiri alivyosogea harufu ile ilizidi, moshi na maziwa yaliyoganda na udongo mbichi, na nyuma ya mlango nyayo ndogo zilikuwa zikikimbia huku na huku, zikipishana kama za watoto wawili, mpaka aliposhika kitasa zikanyamaza zote.

Violet alikuwa amekaa kitandani peke yake, ameangalia dirishani.

Mama yake Namnyaki, bibi wa Violet, alifika mbio kwa bodaboda. Akanyunyiza maziwa kizingitini, akaomba kwa Kimaa kwa jina la Yesu. "Nenda, mtoto, ukalale kwa baba yako kule Kisongo. Hapa si kwenu."

Harufu ikakatika. Namnyaki akalia kwa shukrani.

"Violet," akaita.

Mtoto hakugeuka.

"Violet, mwanangu!"

Mtoto aliendelea kutazama nje, upande wa Kisongo. Namnyaki na bibi wakaangaliana. Lilikuwa limebaki jina moja tu la kumwita, na hakuna aliyethubutu kulitamka.