Mikono Mirefu ya Malkia wa Mlangoni

“Rudia ulichosema,” Ghislain alinguruma, nyundo ikiwa mkononi.

Oriane alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye chuma cha jukwaa la mafundi. Kando yao, juu ya mlango mkuu wa kanisa, malkia wa jiwe alisimama na gauni lake la mikunjo, mkono mmoja wa gauni ukining’inia hadi magotini.

“Gauni ni la kale kweli. Ila huo mkono wa gauni uliongezwa na mafundi waliokarabati, karne nyingi baadaye.”

“Kitabu changu kizima kimesimama juu ya ukale wa mkono huo!”

“Najua, mpenzi. Michoro yake nilichora mimi.”

Kofi likatua. Oriane akaonja damu.

“Jumamosi tunafunga ndoa ofisini kwa meya, halafu unataka kunifanya kichekesho mbele ya maprofesa?”

Simu ya Oriane ikalia. Ghislain akaipokonya, akasoma ujumbe kwa sauti:

“Mwanangu, gauni la harusi limefika. Mbona umetaka mikono mirefu na joto lote hili la Julai?”

Akamkazia macho.

“Umemwambia nini mama yako?”

“Sijamwambia kitu.”

“Endelea hivyo hivyo. Na picha za huyu malkia, futa.”

“Sifuti.”

“Basi hakuna atakayeuona mkono huo tena!”

Akaupiga mkono wa gauni la jiwe kwa nguvu zote. Jiwe likapasuka, vipande vikaporomoka. Palipobaki wazi, wote wawili wakaona nondo ya chuma iliyoshikwa kwa saruji.

“Saruji ya kisasa, Ghislain,” Oriane alinong’ona. “Umelithibitisha mwenyewe.”

Nyundo ikamgeukia yeye. Mfupa wa mkono ukalia kwa kuvunjika, akaanguka juu ya mbao akipiga yowe.

Bi Maryse, mtunza kanisa, akapanda ngazi akihema.

“Yesu wangu! Kuna nini?”

“Jiwe limemwangukia!” Ghislain alipiga magoti, machozi tele. “Mwambie, malaika wangu. Mwambie ni jiwe.”

Oriane akamtazama malkia aliyevunjwa. Kisha, kwa mkono mzima, akaupandisha mkono wa blauzi wa upande ulioumia hadi begani.

“Bi Maryse, njoo uangalie. Huu uvimbe ni wa sasa hivi. Hii alama ya kijani ni ya wiki iliyopita. Kovu hili ni la Pasaka. Na hili la chini kabisa, ni la siku aliyonivisha pete.”

Bi Maryse akasimama kati yao, akatoa simu, akawapigia polisi.